Kabla Gugu Halijafika: Ramani za Mimea Vamizi na Mvua za Kagera

Mmea vamizi ni mmea uliohamishwa na binadamu kutoka kwao, kwa kusudi au bila kujua, ukafika ugenini, ukaanza kuzaana wenyewe pasipo kupandwa, kisha ukasambaa mpaka ukadhuru mazao, malisho, misitu, maji au afya ya watu. Wageni wengi hawafiki hatua hiyo. Muhogo, mahindi, maharage na mgomba wenyewe vilitoka mbali, na nchi ya Wahaya mkoani Kagera, magharibi mwa Ziwa Victoria, isingekuwa ilivyo bila mgomba. Tathmini iliyotolewa mwaka 2023 na IPBES, jopo la serikali za dunia linaloshughulikia bayoanuwai, ilihesabu zaidi ya spishi 37,000 za viumbe walioletwa ugenini wakajikita huko. Zinazojulikana kuleta madhara ni zaidi ya 3,500. Kwa upande wa mimea, wavamizi ni kama asilimia 6 tu ya wageni waliojikita. Kazi ya kutabiri ni kuwatambua hao wachache mapema, na kujua ni ardhi ipi itakayowapokea.

Kila mmea una mipaka yake ya joto na maji. Joto likishuka mno mbegu haioti. Kiangazi kikirefuka mno mche hukauka. Udongo ukituamisha maji mizizi ya mimea mingi huoza. Mipaka hiyo haionekani kwa macho, lakini inaweza kusomwa kwa kutazama mahali mmea unapoishi tayari. Ikiwa, kwa mfano, mmea unaonekana katika mamia ya sehemu zenye mvua nyingi na hauonekani kabisa penye mvua chini ya milimita 800 kwa mwaka, kuna sababu ya kuamini kwamba ukame ndio unaouzuia. Hatua inayofuata ni kutafuta sehemu nyingine zenye hali ileile ambako mmea huo bado haujafika. Hizo ndizo zilizo hatarini. Tabianchi ikibadilika, mahitaji ya mmea hubaki yaleyale, lakini ardhi inayoyatimiza huhama: sehemu zilizokuwa salama huingia hatarini, na nyingine hutoka.

Katika nchi za kaskazini ya dunia, kizuizi kikubwa cha mimea ya joto ni baridi inayogandisha maji. Dunia ikipata joto, kizuizi hicho hurudi nyuma, na utabiri unakuwa mwepesi kiasi, kwa kuwa modeli zote za tabianchi zinakubaliana kwamba joto linapanda. Kagera haina kizuizi cha namna hiyo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la Bukoba huwa nyuzi 20 hadi 21 kwa wastani, mwaka mzima. Hakuna mche unaokufa huko kwa baridi. Kinachochora mstari ni mvua.

Mwambao wa Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sehemu kubwa ya mvua hiyo huletwa na ziwa: usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji, mawingu ya radi hujengeka, na upepo wa mashariki huyasukuma kuelekea ufuko wa magharibi. Kutoka ufukoni kwenda Karagwe, safu ya vilima baada ya safu, mvua inapungua, na ndani ya kilomita mia moja hivi huweza kushuka chini ya milimita 1,000. Izimbya, kata ya Wilaya ya Bukoba iliyo upande wa bara, pamoja na nchi inayoendelea kusini kuingia Muleba hadi pande za Ziwa Burigi, imo ndani ya mshuko huo wa mvua. Katika nchi ya namna hii kiangazi cha Juni hadi Agosti, ekyanda kwa Wahaya, kina uzito kuliko joto: urefu wake na ukali wake ndio unaoamua mche upi utaiona vuli. Jambo hilo linapaswa kukumbukwa hadi mwisho wa maelezo haya, kwa sababu mvua ndiyo sehemu ya utabiri wa tabianchi iliyo dhaifu kuliko zote katika Afrika Mashariki.

Kuchora ramani ya hatari kunaanza na orodha ya mahali mmea ulipowahi kuonekana. Kumbukumbu za zamani zimo katika hifadhi za mimea iliyokaushwa, kama zile za Nairobi, Arusha na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kila kielelezo kimebandikwa kwenye karatasi pamoja na jina la mahali na tarehe ya kuchumwa. Siku hizi nyingi zimeingizwa katika GBIF, hazina ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye makao yake Copenhagen, ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma bure. Ni hazina kubwa, ila ina upogo wake. Wataalamu wa mimea husafiri kwa gari, hivyo nukta zao hufuata barabara. Hulala mjini, hivyo pembezoni mwa miji huonekana kuwa na mimea mingi kuliko vijiji vya ndani. Nchi isiyo na nukta huenda haina gugu, au huenda haijawahi kutembelewa. Modeli haiwezi kuzitofautisha hali hizo mbili mpaka mtu aende akaangalie, na sehemu kubwa ya vijiji vya bara la Bukoba na Muleba iko katika giza hilo.

Baada ya nukta huja tabaka za tabianchi. Zinazotumika zaidi ni zile za WorldClim, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2005 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2017. Zinaigawa nchi kavu ya dunia nzima katika miraba yenye ukubwa wa kama kilomita moja ya mraba, na kila mraba unapewa wastani wa joto na mvua za mwezi kwa miaka 1970 hadi 2000. Kutokana na hizo hupatikana vipimo 19 vinavyogusa maisha ya mimea moja kwa moja: joto la mwezi wa baridi kuliko yote, mvua ya mwezi mkavu kuliko yote, tofauti kati ya misimu, na kadhalika. Mraba wa kilomita moja unaonekana kuwa na usahihi mkubwa, lakini vituo vya kupimia mvua havikaribiani hivyo. Kati ya kituo na kituo namba hukisiwa kwa hesabu inayozingatia umbali na mwinuko. Penye mvua inayobadilika haraka kama kutoka mwambao wa Bukoba kwenda bara, kosa dogo la makisio linaweza kuhamisha kijiji kizima kutoka upande mmoja wa mstari hadi mwingine.

Nukta na tabaka zikishakutanishwa, kompyuta hufanya kazi yake kwa mojawapo ya njia kuu mbili. Njia ya kwanza hutafuta uhusiano tu. Programu inayojulikana zaidi ni MaxEnt, iliyoelezwa mwaka 2006 na Steven Phillips, Robert Anderson na Robert Schapire. Hulinganisha hali ya hewa ya mahali mmea ulipoonekana na hali ya hewa ya nchi yote iliyouzunguka, kisha huupa kila mraba alama kulingana na unavyofanana na makazi ya mmea huo. Haijui kwa nini mmea unapenda mahali fulani. Inajua tu kwamba hupatikana hapo. Njia ya pili huanza na mwili wa mmea wenyewe. CLIMEX, iliyotengenezwa Australia na Robert Sutherst na G. F. Maywald na kuchapishwa mwaka 1985, inamtaka mtafiti aeleze joto ambalo mmea huanza kukua, joto ambalo hukoma, kiwango cha unyevu kinachoutosha, na kasi unavyodhoofika kwa ukame, baridi au maji yaliyozidi. Programu huuotesha mmea huo kimahesabu, wiki baada ya wiki, katika kila mahali penye takwimu za hewa, na mwisho hutoa alama kati ya 0 na 100. Sifuri maana yake mmea hauwezi kudumu hapo.

Njia ya kwanza ni ya haraka na inahitaji nukta nyingi. Ya pili inahitaji miaka ya majaribio, au angalau machapisho ya watu waliokwisha kuyafanya. Kwa kutabiri wakati ujao, ile inayoanza na mwili wa mmea ina msingi imara zaidi, kwa kuwa hali ya hewa ya kesho inaweza kuwa na mchanganyiko wa joto na mvua usiopatikana popote leo, na uhusiano uliosomwa leo hauna la kusema juu ya mchanganyiko huo.

Mfano wa karibu ni gugu karoti, Parthenium hysterophorus. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Majani yake hufanana na ya karoti na maua yake ni madogo, meupe. Mmea mmoja huweza kutoa maelfu ya mbegu, kuwatia watu mwasho wa ngozi na pumu, na kuharibu ladha ya maziwa na nyama ya mifugo inayoula. Ethiopia iliuandika mwaka 1968. Mwaka 2011 Andrew McConnachie na wenzake walichapisha uchunguzi uliotumia CLIMEX na safari za barabarani katika nchi kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika, na wakaonyesha kwamba kuna maeneo makubwa yanayolifaa gugu hilo ambako lilikuwa bado halijaandikwa. Arusha lilikuwa limeonekana mwaka 2010. Tangu hapo limeenea pembezoni mwa barabara, kwenye viwanja visivyolimwa na mashambani kaskazini mwa Tanzania. Ramani ilipatikana karibu wakati uleule gugu lilipoonekana. Watu wa kuisoma na kung'oa hawakuwa wengi.

Ili kuchora wakati ujao, tabaka za leo huondolewa na kuwekwa za mwaka 2050 au 2090, zinazotoka katika modeli kubwa za tabianchi ya dunia. Modeli hizo huendeshwa kwa dhana mbalimbali: dunia ikipunguza haraka moshi wa mafuta na makaa, ikipunguza polepole, au isipopunguza kabisa. Kuhusu joto, majibu yake hutofautiana kwa kiasi tu. Na joto lina athari yake hata Kagera. Kila mita 100 za mwinuko hewa hupoa kwa kama nyuzi 0.6, hivyo ongezeko la nyuzi 2 ni sawa na kuiteremsha milima ya Karagwe kwa zaidi ya mita 300. Mmea ambao leo hukua kwa uvivu juu ya vilima utakua kwa nguvu.

Kuhusu mvua, hali ni tofauti. Modeli nyingi zinasema Afrika Mashariki itapata mvua nyingi zaidi, ilhali vipimo vya miongo iliyotangulia vilionyesha mvua za masika zikipungua. Wanasayansi wanauita mgongano huo kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki, na Dave Rowell na wenzake waliuchambua kwa kina mwaka 2015. Pamoja na hayo kuna tatizo la ukubwa. Mraba mmoja wa modeli ya dunia huwa na upana wa kama kilomita mia moja. Hiyo ndiyo nchi yote kutoka gati la Bukoba hadi vilima vya Karagwe; ndani ya mraba mmoja mna milimita 2,000 na mna chini ya 1,000, na modeli inaipa namba moja. Ziwa Victoria lenyewe, chanzo cha mvua ya mwambao, lilikuwa halionekani vizuri katika modeli za zamani. Wim Thiery na wenzake walipotumia modeli yenye miraba midogo, mwaka 2016, walionyesha kwamba dhoruba kali za usiku juu ya ziwa zitaongezeka kadiri joto linavyopanda. Matokeo ya namna hiyo yanaonyesha faida ya kuitazama nchi kwa karibu.

Kwa sababu hiyo ramani moja ya mwaka 2050 haina thamani kubwa kwa Izimbya. Kinachofaa ni kuchora nyingi, kwa modeli kumi au ishirini za tabianchi, kisha kuzipandanisha. Pale ambapo karibu zote zinasema mmea utafaulu, hatari ni ya kweli iwe mvua imeongezeka au imepungua. Pale zinapogawanyika, jibu la uaminifu ni kusema zimegawanyika. Ramani za rangi nyekundu na kijani zinazosambazwa bila maelezo hayo hudanganya, hata kama kila hesabu iliyomo ni sahihi.

Je, mmea hubaki kweli na mipaka yake ya kwao unapohamia ugenini? Mwaka 2012 Blaise Petitpierre na wenzake walichunguza mimea 50 vamizi ya Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini na kukuta kwamba ni michache tu, chini ya asilimia 15, iliyokuwa imepanua mipaka yake ya hali ya hewa kwa kiasi kikubwa. Kanuni basi inashikilia mara nyingi. Tanzania ina ushahidi wake wa wazi, na ushahidi huo unaanzia Bukoba.

Muhumula, au omuhumula kwa Wahaya, ni mti wa asili wa misitu inayoanzia Liberia na kufika magharibi ya Kenya kupitia Kongo na Uganda. Nchini Tanzania kwao ni Kagera. Jina lake la kisayansi, Maesopsis eminii, linamkumbuka Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Wajerumani cha Bukoba mwaka 1890. Ni mti unaokua haraka sana, wenye shina lililonyooka na mbao nyepesi, na kwao hauna ubaya wowote. Karibu mwaka 1913 Wajerumani waliupeleka Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kwenye bustani ya majaribio waliyoianzisha mwaka 1902. Kwa miongo kadhaa haukumshughulisha mtu. Kisha ukataji wa mbao kwa mashine ukaifungua misitu ya Usambara, muhumula ukapandwa kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970 ili kuziba mapengo, na hapo ukaanza kwenda wenyewe. Ndege aina ya hondohondo hupenda sana matunda yake. Huyameza na kudondosha mbegu mbali, hadi ndani ya msitu. Kila mti mkubwa ulipoanguka, muhumula ulikuwa wa kwanza kuziba nafasi. Kufikia miaka ya 1980, watafiti kama Pierre Binggeli walikuwa wakionya kwamba mti huo unabadilisha msitu uliojaa mimea isiyopatikana kwingine duniani. Sehemu ya msitu huo ikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997, muhumula ukiwamo ndani.

Hapa ndipo kipimo cha hali ya hewa kinapotetewa na historia. Amani iko mita 900 hivi juu ya bahari. Bukoba mita 1,140 hivi. Zote mbili zina joto la wastani la kama nyuzi 20 hadi 21 na mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Mtu ambaye mwaka 1913 angechukua takwimu za Bukoba na kuzitafutia pacha Tanzania nzima angeangukia Usambara Mashariki miongoni mwa sehemu za kwanza. Kilichokosekana hakikuwa kompyuta.

Lakini kisa hicho kinaonyesha pia kile ambacho hali ya hewa peke yake haikusema. Kama kufanana kwa mvua na joto kungetosha, mimea mingi ya bustani ya Amani ingekuwa imevamia. Wayne Dawson na wenzake waliichunguza bustani hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2008: kati ya spishi 214 za kigeni zilizokuwa hai kutokana na upandaji wa awali, 38 zilikuwa zimejikita zenyewe, na 16 ndizo zilizosambaa sana. Muhumula ulihitaji ndege wa kuubeba, misumeno ya kuufungulia msitu, na serikali ya kuupanda tena na tena. Tena ulihitaji muda. Ujerumani, katika jimbo la Brandenburg, Ingo Kowarik alihesabu mwaka 1995 kwamba miti na vichaka vya kigeni vilichukua wastani wa miaka 147 tangu kuletwa hadi kuanza kusambaa. Katika nchi za joto muda huo huwa mfupi zaidi, lakini upo. Mmea uliokaa kimya kwenye ua wa misheni au pembeni ya kiwanda cha kahawa kwa miaka hamsini haujathibitisha kwamba ni mpole.

Katika nchi ya Wahaya kuna jambo jingine ambalo hakuna tabaka ya WorldClim inayoliona. Ardhi imegawanyika zamani kati ya kibanja na rweya. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, lenye udongo mweusi uliolishwa vizazi kwa vizazi kwa samadi na nyasi. Rweya ni mbuga wazi kati ya kijiji na kijiji. Mvua nyingi imeisafisha rutuba yake, udongo ni mchachu, na nyasi zake huchomwa, hulishiwa ng'ombe na hukatwa kutandazwa kibanjani. Kibanja na rweya vinaweza kutenganishwa na hatua ishirini tu. Hali ya hewa ni moja. Kwa gugu linalopenda rutuba ni nchi mbili tofauti. Modeli itavipa vyote viwili rangi moja, na itakuwa imekosea kwa kimojawapo. Na ziko njia za mbegu ambazo hazipo kwenye modeli yoyote: kila mzigo wa nyasi unaotoka rweya kwenda kibanja unaweza kubeba mbegu zilizokomaa, kila lori la ndizi linalorudi kutoka mbali, kila rundo la mchanga wa ujenzi, kila ng'ombe aliyenunuliwa mnadani. Sehemu za rweya sasa zimepandwa mikaratusi na misindano, na moto umezuiwa humo. Mmea uliokuwa ukiunguzwa kila mwaka unapata kivuli na amani ya kukua.

Kwa kuzingatia yote hayo, mimea minne inastahili kutazamwa katika nchi ya Izimbya na jirani zake, na haina uzito sawa.

Unaotisha zaidi ni kromolaena, Chromolaena odorata. Ni kichaka cha Amerika ya kitropiki, chenye majani yanayonuka yakisuguliwa na mbegu nyepesi zinazopeperushwa na upepo au kunasa kwenye nguo na manyoya. Huunda kichaka kizito kinachofunga malisho na njia. Kiangazi mashina hukauka na kuwaka kwa moto mkali, kisha kisiki huchipua tena. Ross Shackleton na wenzake, katika uchunguzi wa mwaka 2017, walilikuta gugu hilo likiwa limeenea kaskazini-magharibi ya Tanzania na katika sehemu nyingi za Rwanda, na modeli yao ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki inalifaa. Wananchi waliohojiwa walisema linapunguza malisho na mavuno. Kagera imo katika kaskazini-magharibi hiyo na inapakana na Rwanda, ina mvua linayoipenda, na ina rweya iliyozoea kuchomwa. Moto ambao hudhoofisha miche ya miti mingi husaidia kulifungulia nafasi gugu hili. Mvua ikiongezeka litakuwa na nguvu zaidi upande wa bara. Ikipungua, mwambao bado utabaki unalifaa. Hii ndiyo maana ya hatari isiyotegemea modeli ipi iko sahihi.

Lantana haihitaji kutabiriwa kufika kwa sababu ipo. Ilisambazwa duniani kama ua la bustani, na ndege wakaila na kuipanda porini. Swali lake ni wapi itakuwa nzito. Huvumilia kiangazi kuliko kromolaena, kwa hiyo ukame ukizidi inaweza kushika nchi kavu za kuelekea Burigi, ambako tangu mwaka 2019 kuna Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Huko Busoga, Uganda, vichaka vya lantana karibu na nyumba vimewahi kuonekana kuwa maficho ya mbung'o, wadudu wanaoeneza malale na nagana. Kwa wafugaji hilo ni zaidi ya suala la nyasi.

Gugu karoti lina uhakika mdogo zaidi. Hupenda sehemu zenye mvua ya wastani na udongo usio mchachu, basi rweya ya karibu na ziwa huenda isilifae. Viwanja vya minada, vituo vya malori na barabara za upande mkavu ndiko pa kulitafuta. Gugumaji nalo linafuata kanuni nyingine, kwa kuwa maji hayaliishii. Liliingia Ziwa Victoria mwaka 1989 hivi, na Mto Kagera umekuwa ukiliteremsha kutoka Rwanda. Fukusi wa jenasi ya Neochetina, walioachiwa kati ya mwaka 1995 na 1997, walisaidia kulipunguza sana baada ya kilele cha mwaka 1998. Kwa mabwawa ya Mto Ngono na Ziwa Ikimba, kinacholiongoza ni mbolea na udongo unaosombwa kutoka vilimani kuliko joto la hewa, na mvua kali zinazotabiriwa zitausomba zaidi. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kimo ambacho hakikuwahi kupimwa kabla, na mafuriko ya namna hiyo hung'oa magugu vinamasini na kuyasukuma kwingine.

Manufaa ya ramani hizi yote yanategemea wakati. Marcel Rejmánek na Michael Pitcairn walipitia, mwaka 2002, juhudi za miaka mingi za kuangamiza magugu huko California. Vipande vilivyokuwa chini ya hekta moja kwa kawaida viliangamizwa kabisa. Kati ya hekta 1 na 100 ilifaulu kama theluthi moja. Kati ya 100 na 1,000 ilifaulu robo. Zaidi ya hapo karibu hakuna fedha inayotosha. Hekta moja ni ukubwa ambao watu wa kitongoji kimoja wanaweza kuung'oa kwa majembe, mradi wameambiwa waangalie wapi na waangalie nini. Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Viumbe Vamizi wa mwaka 2019 hadi 2029, na tangu mwaka 2020 ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Vyombo vipo. Pengo liko kati ya ramani iliyo kwenye kompyuta Arusha au Morogoro na afisa ugani wa kata anayepita njiani kila siku bila picha ya gugu mfukoni.

Pengo hilo lina upande wa pili pia, kwa sababu ramani inahitaji kata kama kata inavyoihitaji ramani. Modeli hupimwa kwa kufichiwa sehemu ya nukta na kuangaliwa kama itazibashiri. Penye nukta tatu haipimiki. Kumbukumbu kutoka Izimbya, Kaibanja au vijiji vya bara la Muleba inakuwa na thamani ikiwa na picha ya ua na jani, tarehe, mahali kamili kama simu inavyoonyesha, na maelezo kama mmea unazaa au bado ni miche. Kwa nchi ya Wahaya ingepasa kuongezwa jambo moja ambalo fomu za kimataifa haziulizi: umeonekana kibanjani au rweyani. Kumbukumbu za mahali paliposakwa na gugu lisipatikane ziandikwe vilevile. Kwa modeli ya MaxEnt, ambayo kwa kawaida hujua tu mahali mmea ulipo, safari ya mchana mmoja iliyomalizika bila kuona kitu ni habari ambayo karibu hakuna aliyewahi kuituma kutoka upande huo wa ziwa.